NGOMA, UGANGA NA KUPONA: MSAMIATI WA UUNDAJI WA NGOMA NA MAANA YAKE

Utangulizi

Katika kamusi nyingi za lugha mbili, neno "ngoma" hufasiriwa kwanza kuwa ni chombo cha mti na ngozi, kisha kuwa ni uchezaji unaoandamana na chombo hicho. Maana ya matibabu, ambayo kwa wenyeji wengi wa pwani na bara ni maana ya kale, aghalabu husogezwa pembeni na kuwekwa chini ya maneno mengine kama vile "pepo" na "kupunga". Makala haya yanakusudia kuirejesha maana hiyo mahali pake kwa kuchunguza msamiati wa uundaji wa ngoma na wa uganga unaoambatana nao.

Jambo hili lina uzito wake leo. Baada ya Michael Harner, mwanaanthropolojia wa Marekani, kuchapisha kitabu chake The Way of the Shaman mwaka 1980, upigaji ngoma kwa ajili ya afya ya nafsi ulipata wafuasi wengi Marekani na Ulaya. Pamoja nao yalizuka mafunzo ambamo mtu hujiundia ngoma yake kwa mikono yake, akawamba ngozi mwenyewe, na kuambiwa kwamba kazi hiyo ni njia ya kujiponya. Mfasiri atakayetakiwa kuyaeleza hayo kwa Kiswahili atalikuta neno "ngoma" limekwisha kuwa na historia yake ya uganga, na historia hiyo haikubaliani katika kila jambo na dhana ya mtu mmoja kujiponya peke yake. Asipoijua, atatumia neno la zamani kubeba wazo jipya, na msomaji hatajua kwamba mzigo umebadilishwa.

Neno na jamaa zake

Shina -goma limeenea katika eneo kubwa la lugha za Kibantu. Kirundi na Kinyarwanda husema "ingoma", Kiganda "eŋŋoma", Kikongo na Kishona "ngoma", na Wandembu wa Zambia "ng'oma". Lakini umbo likifanana, maana haikusimama mahali pamoja. Katika Kirundi na Kinyarwanda "ingoma" ni chombo na pia ni ufalme au utawala wenyewe. Katika Kizulu "ingoma" ni wimbo, na chombo chenyewe huitwa "isigubu". Hata hivyo mpiga ramli na mganga huitwa "isangoma". Victor Turner alipoeleza ibada za Wandembu katika kitabu chake The Drums of Affliction cha mwaka 1968, alionyesha kwamba kwao neno la ngoma ndilo pia neno la ibada ya kumtibu mgonjwa. Naye John Janzen, katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992, alilinganisha matibabu ya namna hii katika miji ya Kinshasa, Dar es Salaam, Mbabane na Cape Town, akaona kwamba chombo kinaweza kukosekana na bado shughuli ikawa ni ngoma.

Yafaa mtafiti ajihadhari na mfanano wa juu juu. Katika Kikuyu "ngoma" ni mizimu ya wafu, na ngoma ya kupigwa huitwa "kĩhembe". Ni rahisi kuyaunganisha maneno haya mawili na kudai kwamba ngoma na mizimu vina asili moja. Lakini lugha hizi ni za toni, na neno lililoandikwa kwa herufi zilezile laweza kuwa neno jingine kabisa. Bila ya ulinganisho wa toni na wa mabadiliko ya sauti, dai hilo hubaki kuwa ni dhana tu.

Mti, mzinga na ngozi

Uundaji wa ngoma huanza msituni. Fundi hutafuta gogo lisilo na ufa wala fundo baya, akalikata kwa shoka na kulichimba ndani kwa tezo na patasi mpaka likawa mzinga, neno lilelile linalotumika kwa mzinga wa nyuki, kwani vyote viwili ni gogo lililotobolewa. Mzinga huo huachwa kivulini ukauke polepole, kwa sababu mti mbichi ukipigwa na jua kali hupasuka, na kazi ya siku nyingi huharibika.

Hatua ya pili ni ngozi. Ngozi ya ng'ombe hutumika kwa ngoma kubwa na ya mbuzi kwa zilizo ndogo. Pwani hutumika pia ngozi ya kenge kwa baadhi ya ngoma nyembamba. Ngozi hulowekwa, ikaparwa nyama na manyoya, kisha ikawambwa ingali mbichi na kukazwa kwa vigingi au kwa kamba za ngozi. Hapa ndipo ilipo asili ya methali isemayo "Ngozi ivute ili maji". Wanafunzi wengi huidhania "ili" hiyo kuwa ni kiunganishi cha kutaja sababu. La hasha. Ni kitenzi -li kilichobeba kiambishi cha ngeli ya "ngozi", maana yake "ikiwa ingali maji". Methali ilitoka mikononi mwa fundi aliyejua kwamba ngozi ikishakauka haivutiki tena.

Kitenzi "kuwamba" kinastahili kutazamwa kwa makini. Huwambwa ngoma, huwambwa pia kitanda cha kamba. Kwacho tumepata "kiwambo", yaani kitu kilichotandazwa na kukazwa, na "kiwambaza", ukuta wa fito na udongo. Waandishi wa masomo ya sayansi walipotafuta jina la utando ulio ndani ya sikio, waliuita "kiwambo cha sikio". Kwa hiyo, katika Kiswahili, ngozi inayotoa mlio na utando unaoupokea ni ndugu wa shina moja.

Baada ya kuwambwa, ngoma huanikwa, na kabla ya kupigwa hupashwa moto ili ngozi ikaze na mlio upande. Tofauti ya ukubwa na mlio huzaa majina: msondo ni ngoma ndefu, chapuo ni ndogo, vumi ni ile yenye mlio mzito, na kumbwaya ni ngoma isimamayo kwa miguu. Hayo si majina ya vyombo tu. Kila moja lina kazi yake katika mpangilio wa mapigo, na mganga huchagua kwa kadiri ya pepo anayeitwa.

Huko Burundi msamiati wa fundi umekwenda mbali zaidi. Mti uliotumiwa zaidi ni "umuvugangoma", ambao Waswahili huuita mringaringa. Jina lake la Kirundi linaunganisha kunena na ngoma. Sehemu za ngoma hutajwa kwa lugha ya uzazi: ngozi ni "icahi", yaani ngozi ya kumbebea mtoto, vigingi ni "amabere", matiti, ukanda unaoizunguka ngozi ni "urugori", taji la mama, mzinga ni "inda", tumbo, na mguu wa chini ni "umukondo", kitovu. Ngoma nzima, basi, ni mwili wa mama. Ni ajabu ya historia kwamba mwaka 2017 amri ya rais wa nchi hiyo iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo.

Ngoma katika uganga wa pepo

Katika pwani ya Kenya na Tanzania, mtu anayeugua kwa muda mrefu bila ya nafuu huenda akaambiwa na mganga kwamba amepandwa na pepo. Tiba yake ni kupungwa. Jamaa hukusanyika, gharama huchangwa, kilinge huandaliwa, na ngoma hupigwa usiku kucha mpaka pepo apande kichwani na kutaja jina lake na haja yake. Mgonjwa huwa ni "kiti" cha pepo, na mazungumzo hufanyika baina ya pepo, mganga na jamaa wa mgonjwa. Miongoni mwa Wadigo na Waduruma shughuli hiyo huitwa "kayamba", kwa jina la chombo cha matete kinachotiwa mbegu na kutikiswa. Jina la chombo limekuwa jina la tiba, kama ilivyotukia kwa "ngoma".

Lugha ya shughuli hii ina nguzo mbili. Ya kwanza ni kuganga. Katika Kiswahili cha zamani kitenzi hiki kilimaanisha pia kufunga pamoja kitu kilichovunjika ili kishikane tena, na maana hiyo ndiyo inayoipa nguvu methali "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Kuganga, basi, ni kuunga. Si sawa na kuponya, kitenzi kilichotokana na kupona, yaani kuokoka, wala si sawa na kutibu, neno la asili ya Kiarabu ambalo leo ni la hospitali zaidi. Mtu aweza kutibiwa asipone. Na aliyegangwa ni mtu aliyeunganishwa tena na watu wake, hata kama maradhi hayakwisha kabisa.

Nguzo ya pili ni moto na baridi. Ngoma hupashwa moto, wapigaji wakapamba moto nao. Lakini mgonjwa hupozwa. Kwa Wamijikenda, "vuo" la dawa na maji hutumiwa kumpoza mgonjwa, na katika Kiswahili cha kila siku tunasema "pole", neno la ukoo wa kupoa. Joto la chombo linakusudiwa kuleta ubaridi wa mtu.

Je, ni mlio unaoponya?

Mwaka 1962 Andrew Neher alichapisha makala akijaribu kueleza kwamba mapigo ya ngoma huathiri ubongo moja kwa moja na hivyo kumtia mtu katika hali ya kupandwa. Gilbert Rouget, katika kitabu chake La musique et la transe cha mwaka 1980, aliipinga hoja hiyo. Kama mlio pekee ungetosha, alisema, sehemu kubwa ya Afrika ingekuwa katika hali hiyo mwaka mzima. Kwa Rouget, muziki hufanya kazi kwa sababu wahusika wamejifunza maana yake.

Ushahidi wa lugha unamuunga mkono Rouget. Wapiga ngoma hawapandwi, ingawa wako karibu zaidi na mlio. Anayepandwa ni yule ambaye pigo lile limeitwa kwa jina la pepo wake. Vimbuza, ngoma ya uganga ya Watumbuka wa Malawi iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, nayo hufuata njia hiyo: kila aina ya pepo ina mapigo yake. Pigo ni jina kabla ya kuwa sauti.

Mwenye ngoma ni nani?

Hapa ndipo ngoma ya Kiafrika inapoachana na ngoma ya kujiponya. Mgonjwa wa pwani haundi ngoma anayotibiwa kwayo. Mti umekatwa na fundi, ngozi imetoka kwa mfugaji, mikono ya wapigaji ni ya wengine, na gharama ni ya ukoo. Kuunda au kujipatia vifaa huja mwishoni, pale mteja aliyepona anapofundishwa naye akawa mganga na kupewa mkoba. Ndiyo asili ya msemo "kurithi mikoba", ambao sasa hutumiwa hata kwa wanasiasa.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba kazi ya mikono haina faida kwa anayeifanya. Subira ya kungoja mti ukauke na ngozi ilainike ni mafunzo ya nafsi, na mtu mwenye huzuni huweza kupata utulivu ndani yake. Ila huo ni utulivu wa fundi, wala si uganga kwa maana iliyoelezwa hapo juu, na hauchukui nafasi ya matibabu ya hospitali kwa anayeyahitaji.

Ngoma iliyo mali ya watu wote huonekana uzito wake inapoondolewa. Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na ngoma yao takatifu, Ngadji. Maofisa wa kikoloni waliinyang'anya mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia katika British Museum huko London, ambako imehifadhiwa ghalani zaidi ya karne moja. Wazee wa Wapokomo wamedai irudishwe. Huko Nkore, nchini Uganda, K. Oberg aliandika mwaka 1940 juu ya Bagyendanwa, ngoma ya ufalme ambayo watu waliiendea kwa shida zao. Ngoma za namna hii hazikuwa za mtu. Kuzipoteza ni kupoteza mahali pa kupeleka shida.

Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, kidahizo cha "ngoma" katika kamusi za Kiswahili kingefaa kuitaja tiba kuwa ni maana kamili. Pili, wafasiri wangetenganisha kuganga, kuponya na kutibu. Na pale ambapo habari ni ya mtu anayejiundia ngoma kwa ajili ya utulivu wake, waseme hivyo kwa maneno ya wazi pasipo kuliazima jina la uganga. Tatu, msamiati wa mafundi ukusanywe mapema. Mwaka 2014 isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya iliwekwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni uhaba wa fedha na wa vifaa vya kuundia ala. Mti ukikosekana, fundi hukosa kazi. Fundi akikosa kazi, hana wa kumfundisha majina ya tezo, ya kigingi na ya mlio. Majina hayo yakisahauliwa, kamusi itabaki na neno "ngoma" pekee, likiwa na maana moja tu kati ya zile lilizokuwa nazo.