Kosa likitokea materniti, nani atabeba mzigo?

Kila mmoja wetu anajua kinachofuata pikipiki au taksi inapomgonga mtoto barabarani. Kabla vumbi halijatulia, watu wanauliza: "Iko na asiransi?" Tangu mwaka 1973 sheria ya nchi yetu inalazimisha kila chombo chenye mota kiwe na bima ya kulipa watu wanaoumizwa nacho. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua karatasi ile inabandikwa wapi kwenye kioo cha gari.

Lakini tunapoingia materniti, mahali tunapokabidhi uhai wetu na uhai wa mtoto, hakuna anayeuliza swali hilo. Tunauliza bei ya kujifungua, bei ya kupasuliwa, kama kuna maji na kama kuna umeme. Tunasahau kuuliza: hapa kosa likitokea, nani atabeba mzigo? Juma hili tuzungumze juu ya bima ya daktari na ya kituo chake, na juu ya kazi ambayo kituo kinapaswa kuifanya kila siku ili bima hiyo isihitajike.

Bima tatu tusizichanganye

Ya kwanza ni ile ya mgonjwa. Mutueli ya afya iko katika kundi hili. Tunachanga kila mwaka, na siku ya ugonjwa mutueli inalipa sehemu kubwa ya faktiri. Ni ndugu ya likelemba yetu, ila hapa anayepokea si mwenye zamu, ni mwenye shida.

Ya pili ni bima ya mali ya kituo: nyumba ikiungua, mashine ikiibwa, kampuni inamlipa mwenye kituo.

Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia leo. Inaitwa bima ya dhima ya daktari. Dhima ni wajibu wa kujibu kwa ulilolifanya. Daktari au kituo kinalipa kiasi fulani kila mwaka kwa kampuni ya bima. Siku mgonjwa akiumizwa kwa kosa la matibabu, kampuni inalipa fidia pamoja na gharama za avoka, hadi kiwango kilichoandikwa katika mkataba. Kwa kawaida kampuni hailipi kosa la kusudi, wala hailipi kwa mtu anayefanya kazi asiyo na ruhusa ya kuifanya. Pia inataka kujulishwa mapema, maana daktari akificha jambo miezi mingi anaweza kupoteza ulinzi alioulipia.

Kwa miaka mingi kampuni moja tu ya serikali, SONAS, iliyoundwa mwaka 1966, ndiyo ilikuwa na haki ya kuuza bima nchini. Sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko. Mwaka 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zikapata ruhusa kutoka ARCA, ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya bima. Kwa hiyo leo mwenye kliniki anaweza kwenda kuuliza bei kwenye milango zaidi ya mmoja.

Sheria ipo, lakini mfuko uko wapi?

Sheria zetu za kiraia hazinyamazi. Kitabu cha tatu cha Code civil, ambacho kinatoka mwaka 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mwenye kazi anajibu kwa makosa ambayo wafanyakazi wake wanayafanya ndani ya kazi aliyowapa. Maana yake ni kwamba mwenye kliniki hawezi kunawa mikono akisema, "Alikuwa muuguzi tu, si mimi."

Lakini sheria bila mfuko ni njaa ndefu. Fikiria mama ameshinda kesi mbele ya tribinali. Hakimu ameamuru alipwe. Kliniki ile ina vitanda sita, mashine moja na madeni. Watauza vitanda? Wakiviuza, mama atapata kidogo, na mtaa mzima utakosa materniti. Hapo ndipo bima inasaidia pande zote mbili: aliyeumia anapata cha kumtunza, na kituo hakifungwi kwa kosa la usiku mmoja.

Kitu kingine ni woga. Daktari asiye na ulinzi wowote anaogopa jina lake, nyumba yake na hasira ya jamaa. Mtu mwenye woga anaficha. Anachelewa kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa kwa sababu transferi itaonyesha kwamba mambo yameharibika. Saa anazozipoteza katika kuficha ni za mama anayetoka damu.

Si kila msiba ni kosa

Hapa tuseme ukweli, hata kama unauma. Kuna mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa ingawa mkunga alifanya yote yaliyopaswa. Kuna mtoto anayezaliwa amechoka ingawa kila mtu alikuwa macho. Daktari hawezi kuahidi kwamba kila mtu atapona. Anachodaiwa ni kutumia ujuzi na uangalifu ambao daktari mwema angeutumia mahali kama pale, na vyombo kama vile.

Basi tutajuaje kama ni msiba au ni kosa? Tutajua kwa karatasi. Nina mwanafunzi darasani ambaye mkono wake wa kuume hauinuki vizuri tangu kuzaliwa. Anaandika kwa wa kushoto, na anaandika vizuri. Mama yake anauza unga wa muhogo, na kutoka faida hiyo alilipa mazoezi ya viungo miaka mingi. Anakumbuka kwamba kichwa kilitoka na mabega yakakwama. Jambo hilo linaweza kutokea hata kwa mikono yenye ujuzi, na linaweza pia kuzidishwa na mtu anayevuta kwa nguvu. Mama alirudi kuomba fishi ya kujifungua kwake. Haikuwepo. Hakuna aliyeandika saa, wala jina la aliyekuwa zamu, wala lililofanywa.

Tazameni hasara ya pande zote. Kama kulikuwa na kosa, mama hawezi kulionyesha. Kama halikuwepo, mkunga hawezi kujitetea, na jina lake linaendelea kusemwa vibaya sokoni. Hakuna kampuni ya bima inayoweza kulipa juu ya neno "nakumbuka."

Kuzuia kabla ya kulipa

Kampuni ya bima inayofanya kazi vizuri haiuzi karatasi tu. Inauliza: mnaandika fishi? Mnasafisha vyombo namna gani? Nani yuko zamu usiku? Damu mnaipata wapi? Umeme ukikatika, mnafanyaje? Maswali hayo ndiyo mwanzo wa kupunguza hatari, na kituo kinaweza kujiuliza chenyewe hata kabla ya kununua bima.

Mfano mmoja mzuri unatoka kwa jirani zetu. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha katika kila operesheni: jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, dawa zinazomdhuru, hesabu ya vitambaa na sindano kabla ya kufunga jeraha. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmoja wao Ifakara, nchini Tanzania. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1.000 walikufa 15; baada yake, 8. Waliopata matatizo makubwa walishuka kutoka 110 hadi 70. Hiyo ni karatasi moja inayosomwa kwa sauti na watu wanaosikilizana.

Kwa kuzaa pia ipo orodha, iliyotolewa na shirika hilo hilo mwaka 2015. Inamsimamisha mkunga mara nne: mama anapoingia, kabla ya kusukuma au ya kupasuliwa, ndani ya saa ya kwanza baada ya mtoto kutoka, na kabla ya kurudi nyumbani. Lakini tusidanganyane. Orodha hiyo ilipojaribiwa katika vituo 120 vya jimbo la Uttar Pradesh, nchini India, wakunga walifanya kazi vizuri zaidi, lakini vifo vya mama na watoto havikupungua. Karatasi haiweki damu kwenye friji, wala haileti daktari wa kupasua usiku. Inakumbusha tu wale walio na cha kufanyia kazi.

Na kosa likiisha kutokea? Wengi wanadhani dawa ni kunyamaza. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Michigan, nchini Marekani, ilichagua njia nyingine tangu mwaka 2001: kumweleza mgonjwa ukweli, kuomba msamaha, na kutoa fidia bila kungoja kushitakiwa pale kosa linapoonekana wazi. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mashtaka mahakamani yalishuka hadi karibu theluthi moja ya yale ya kwanza. Watu wengi wanaoshitaki wanatafuta kwanza kujua: mtoto wangu alipatwa na nini?

Mama afanye nini?

Kabla ya kujifungua, siku ya CPN, tuulize kwa heshima:
– Daktari au mkunga, kituo hiki kina ruhusa ya kufanya kazi?
– Usiku nani anakuwa zamu, na anayeweza kupasua anafika kwa muda gani?
– Mambo yakizidi uwezo wenu, mnanipeleka wapi, na kwa gari gani?
– Mnaandika fishi ya kujifungua, na nitapata nakala?
– Kituo kina bima ya dhima? Kwa kampuni gani?

Sisi pia tuna sehemu yetu ya kupunguza hatari. Tuseme ukweli juu ya kupasuliwa kwa zamani, dawa zinazotudhuru, damu iliyotoka sana katika uzazi uliopita, na dawa za kienyeji tulizokunywa. Mama anayeficha anamfunga mkunga macho.

Jambo baya likitokea, tusikimbilie kuvunja vioo wala kumpiga muuguzi. Jamaa wakae chini, waandike siku ile ile: tarehe, saa, majina, maneno yaliyosemwa. Wahifadhi resi za malipo, karatasi za dawa na barua ya transferi. Waombe kuonana na daktari mkuu wa kituo ili awaeleze kilichotokea. Wasiporidhika, waende kwa daktari mkuu wa Zoni ya Afya. CODESA, kamati ya wakaaji katika eneo la afya, inaweza kuwasindikiza.

Kuna pia Ordre ya madaktari, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, yenye baraza katika majimbo. Hiyo inamwita daktari na inaweza kumpa adhabu ya kazi, lakini haitoi fidia. Fidia inatoka kwa mapatano au kwa tribinali. Tusitume mama mwenye uchungu mlango usiofaa.

Nguvu ya kikundi

Mama mmoja akiuliza juu ya bima, wanamwona msumbufu. Lakini mutueli inapofanya mkataba na kituo, ni kikundi kizima cha jamaa kinachozungumza. Kituo kinataka wagonjwa wanaolipa. Basi hapo ndipo mahali pa kuweka masharti: kila mama aandikiwe fishi kamili, apewe nakala akiomba, transferi iende na barua, na kituo kionyeshe karatasi yake ya bima au kiseme lini kitaipata. Kama kliniki ndogo haiwezi kununua peke yake, iulize kampuni kama inaweza kujiunga na kliniki nyingine katika mkataba mmoja.

Wengine watasema hayo yataongeza bei ya kujifungua. Inaweza kuwa kidogo. Lakini leo bei hiyo tayari inalipwa. Inalipwa na mama mmoja peke yake, kwa unga wa muhogo, miaka na miaka. Likelemba ilitufundisha kwamba mzigo wa mmoja ukigawanywa kwa wengi unabebeka.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa vikundi vyetu, naomba katibu aandike jambo hili katika ajenda. Wamama wawili watumwe kwenye kituo ambako wengi wetu tunazalia, na maswali yale matano mkononi, warudi na majibu yaliyoandikwa. Na kila mwenye mimba leo aweke fishi yake ya CPN ndani ya saashe ya plastiki, mbali na maji na watoto, na amwonyeshe mume au dada mahali ilipo.

Mwalimu na mwanachama wenu