KISUKARI: KIPIMO CHA NGOZI NACHO KIPIMWE

Wengi wetu visiwani hukutana na maradhi ya kisukari yakiwa yamekwisha kufika mbali: kidonda cha mguu kimekataa kupona, nuru ya macho imepungua, figo zimechoka. Mgonjwa amekaa nayo miaka bila ya kujijua. Kwa hiyo habari za kipimo kisichotoa damu, kinachosoma ngozi ya mkono tu, hatuna budi kuzipokea kwa hamu, na kwa hadhari pia.

Kipimo hicho kimetokana na kazi ya wataalamu wa Groningen, Uholanzi. Sukari ikizidi katika damu hujishikiza kwenye protini za ngozi, na kwa kuwa protini hizo huchukua miaka mingi kubadilika, ngozi huweka kumbukumbu ya sukari iliyopita. Mashine huumulika mkono kwa mwanga wa urujuanimno, na ngozi hurejesha mng'ao unaopimwa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya watu 72,880 wa kaskazini mwa Uholanzi: kadiri mng'ao ulivyokuwa mkubwa, ndivyo hatari ya kupata kisukari katika miaka michache iliyofuata ilivyozidi.

Lakini ngozi hizo ni za Uholanzi. Ngozi nyeusi hunywa sehemu kubwa ya mwanga huo, ukarudi mdogo mno kusomeka kwa uhakika; watafiti wenyewe wamelieleza jambo hili. Mafuta ya kujipaka nayo hukibabaisha kipimo, na kwetu ni nani asiyejipaka? Tusisahau yaliyotokea Marekani, ambako mwaka 2020 ilibainika kwamba kidude cha kubana kidole, kinachopima oksijeni na kilichotumika hospitalini kwa miongo, kilikosa kuuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila ya kutoboa ngozi. Wananchi wanaouziwa vitu hivyo wazuie fedha zao.

Ipo alama nyingine isiyohitaji mashine. Ni weusi mzito, laini kama mahameli, nyuma ya shingo na kwapani. Mama humsugua mtoto kwa dodoki akidhani ni uchafu. Weusi hautoki, na mtoto analizwa bure. Mara nyingi hiyo ni ishara kwamba insulini mwilini haifanyi kazi yake sawasawa. Wapo wenye shingo hiyo na hawana kisukari, na wapo wenye kisukari bila ya alama yoyote. Hata hivyo, ni sababu tosha ya kumpeleka mtu akatoe tone la damu.

Tunaiomba Wizara ya Afya iwaagize wauguzi wa vituo vyote, Unguja na Pemba, watazame shingo za wanaofika kwao. Vijikaratasi vya kupimia damu navyo visikosekane, kwa maana kumwonesha mtu alama kisha kumrudisha nyumbani bila ya kumpima ni kumtia hofu tu. Na mashine ya mwanga ikiletwa, iwe kwa kununuliwa au kwa hisani ya wafadhili, ijaribiwe kwanza kwa mamia ya watu wetu sambamba na kipimo cha damu, matokeo yatangazwe hadharani, ndipo fedha za umma zitolewe.