Paka dume akichafua stoo yako, usikimbilie sumu

UKIFUNGUA stoo alfajiri na harufu ikakuchoma pua kabla hujawasha taa, huhitaji kuuliza ni nani aliyeingia usiku. Ni paka dume. Amepenya pale bati lilipoachana na ukuta, akatembea juu ya magunia, akageuka, akainua mkia na kurusha mkojo, kisha akaondoka zake bila haraka.

Kwa mtu mwenye nyumba tu, hiyo ni kero. Kwetu sisi wa mpakani ni hasara. Hapa Busia, upande wa Kenya na wa Uganda, na kule Malaba hadi Tororo, wengi wetu tunalala ukuta mmoja na mali. Mbele ni duka, nyuma ni kitanda, na katikati kuna maharagwe yaliyoshuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, kuna nguo za mitumba, na kuna magunia ya wale samaki wadogo wanaoitwa omena upande wa Kenya, mukene ukivuka, na dagaa ukifika Mwanza. Paka anawajua kwa majina yote matatu.

Anayeuza nafaka ana shida ya ziada. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, EAS 2, kinajulikana zaidi kwa sharti la unyevu usiozidi asilimia 13.5. Lakini kiwango hicho hicho kinataka nafaka isiwe na harufu ngeni, na isiwe na kinyesi cha panya. Hebu yatazame hayo mawili kwa pamoja. Ukimwacha dume, unapata harufu. Ukimwondoa, unapata panya. Na tangu Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, hakuna mfanyabiashara wa mpakani anayehitaji kuelezwa maana ya mzigo kukataliwa.

Mashuka yaliyorudi

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa nimepanga katika ploti ya vyumba vinane mtaa wa Marachi, nikiuza mashuka ya mitumba. Januari moja dume wa mtaani, mweusi mwenye sikio lililochanika, shume hasa, alilipata robota nililokuwa nimelifungua siku hiyo. Niliyafua mashuka yale kwa sabuni ya mche, nikayaanika juani siku mbili mpaka yakanukia vizuri. Nikauza. Mwezi wa tatu mvua zilipoanza, mteja wangu kutoka Tororo alirudi na mashuka manne ndani ya kiroba. Hakupiga kelele. Aliyaweka mezani akasema, “Dada, nusa mwenyewe.” Nikanusa. Nilimrudishia pesa zake, na tangu siku hiyo hakununua kwangu tena.

Baadaye nilielezwa kilichotokea. Ndani ya mkojo wa paka mna asidi ya yuriki, ambayo ikikauka hubaki kama chembechembe ngumu zisizoyeyuka vizuri kwenye maji. Sabuni ya kawaida huondoa mengine na kuziacha hizo. Kiangazi zinanyamaza. Unyevu ukirudi, harufu inaamka. Isitoshe, dume asiyehasiwa ana kitu kingine kinachoitwa felinini, chenye salfa ndani yake, ambacho hukitoa kwa wingi kuliko jike, na kikivunjika ndipo hutoka ile harufu inayobaki kooni.

Jirani yangu, aliyekuwa akiuza mukene wa Majanji, naye alikuwa amechoka. Tukashauriana. Nasema tukashauriana kwa sababu sitaki kumwachia lawama peke yake, nilichanga pesa. Akanunua sumu ya panya, akaichanganya na mukene wachache, akawaweka juu ya ukuta wa ploti. Yule dume mweusi hakuonekana tena. Lakini tuliyemkuta amekufa chini ya tanki la maji alikuwa paka jike wa mama muuza nafaka wa chumba cha mwisho, paka aliyekuwa akitulindia stoo zetu zote bila kulipwa. Siku ile ile mtoto wa miaka mitatu alipatikana ameshika mmoja wa wale samaki mkononi. Alikuwa hajamtia mdomoni. Mpaka leo sipendi kulifikiria hilo.

Yule mama hakutusalimia kwa muda mrefu, na alikuwa na haki. Wiki chache baadaye panya walikuwa kwenye maharagwe yake na kwenye mashuka yangu. Na kabla mvua hazijaisha, dume mwingine, wa rangi ya majivu, alipita pengo lile lile na kurusha mkojo pale pale alipokuwa akirusha mwenzake. Mahali penye chakula na majike hapakai bila dume.

Tena, tulichofanya ni kosa kisheria. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Uganda ina sheria yake ya aina hiyo. Na hata kama hakuna aliyekushtaki, mtu anayechanganya sumu na samaki karibu na magunia ya samaki anacheza na roho za wateja.

Si uchafu, ni barua

Kabla ya kutafuta dawa, hakikisha unajua unachopambana nacho. Paka anayekojoa kwa kawaida huchuchumaa, huacha kidimbwi sakafuni au kwenye mchanga, na mara nyingi hufukia. Anayerusha mkojo husimama wima, hugeuzia ukuta makalio, mkia wake hutetemeka, na huacha michirizi midogo ukutani, kwenye mlango, kwenye tairi la boda boda au kwenye gunia. Kama ni paka wako mwenyewe na anaacha vidimbwi ndani ya nyumba, hasa akihangaika na kutoa matone tu, huyo huenda ni mgonjwa. Mpeleke kwa daktari haraka. Dume aliyeziba njia ya mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache.

Mkojo wa kurushwa ni barua. Dume anawaambia madume wengine kwamba amepita, na anawaambia majike kwamba yupo. Harufu inapopungua hurudi kuiandika upya, ndiyo maana huchagua mahali pale pale. Jike mwenye joto naye anaweza kurusha, ila mwandishi mkuu ni dume ambaye hajahasiwa.

Hapa ndipo ninaposhangaa sisi watu wa eneo hili. Wateso wa pande zote mbili wamelima kwa majembe ya ng'ombe kwa karne nzima, na kila mtoto aliyekulia huko anajua kwamba fahali hahangaiki na jembe mpaka ahasiwe awe maksai. Mfanyabiashara wa mbuzi anajua beberu asiyehasiwa ananuka mpaka nyama yake inakataliwa, na kwamba ukimhasi mapema harufu hiyo haiji. Jambo ni lile lile kwa paka: homoni za kiume. Lakini ukimwambia mtu apeleke paka kuhasiwa, anacheka.

Basi tusicheke. Dume huweza kuhasiwa anapofikisha takriban miezi 6, na madaktari wengi huweza hata kabla ya hapo. Hulazwa kwa dawa ya usingizi, kazi yenyewe huchukua dakika chache, na siku hiyo hiyo hurudi nyumbani. Kati ya madume 10 waliohasiwa, karibu 9 huacha kurusha mkojo au hupunguza sana. Usitegemee mabadiliko kesho yake. Homoni huisha polepole na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Aliyezoea kwa miaka mingi ni mgumu zaidi kuliko aliyehasiwa akiwa kijana. Majike nao wafungwe uzazi, kwa sababu jike hubeba mimba kwa takriban miezi 2 tu, na jike mmoja mwenye joto huita madume wa mitaa mitatu.

Paka aliyehasiwa bado anakamata panya. Hilo ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na wenye nafaka. Kinachomfanya awinde si homoni za kiume. Tena kwa kuwa hazururi sana kutafuta majike, hukaa karibu na stoo.

Kwa paka wasio na mwenyewe, njia inayotumika sehemu nyingi duniani, na ambayo Lamu, mji uliojaa paka, imeifahamu kwa miaka, ni kuwakamata kwa mtego wa sanduku, kuwahasi, kuwachanja, kisha kuwarudisha walipotoka. Wakiwa bado wamelala hukatwa ncha ndogo ya sikio ili asikamatwe tena bure. Kenya kuna shirika la KSPCA lenye makao Nairobi, na Uganda kuna USPCA jijini Kampala. Sisi wa Busia na Tororo tuanze na daktari wa mifugo wa kaunti au wa wilaya. Muulize waziwazi kama anahasi paka, maana wengine wamezoea ng'ombe tu, na akikuelekeza kwa mwenzake ng'ambo ya mpaka, uliza kwanza karatasi zinazotakiwa. Kumvusha mnyama kihalali kunahitaji cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kibali cha mifugo. Najua paka mwenyewe havuki pale kwenye kituo cha pamoja kilichofunguliwa Februari 2018. Yeye hupita njia za panya, na nadhani ndiye pekee mwenye haki ya kuzitumia.

Usimkamate shume kwa mikono mitupu. Kichaa cha mbwa kipo nchi zote mbili na paka huambukizwa pia. Aking'ata au akikwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo.

Kusafisha na kuziba

Kuhasi bila kusafisha ni nusu ya kazi, kwa sababu barua ya zamani bado inasomeka. Jambo la kwanza: usimwage jiki juu ya mkojo. Mkojo hutoa amonia, na jiki ikikutana nayo hutoka hewa ya sumu, na stoo zetu hazina madirisha. Pia acha dawa za kusafishia zenye amonia, kwani puani mwa paka zinanuka kama mkojo wa mwenzake na zinamwalika.

Tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Soma maandishi ya nyuma ya pakiti. Yakitaja vimeng'enya, hiyo ndiyo. Ikoroge kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sababu moto huviua. Lowesha ukuta au kitambaa kabisa, kiache kwa saa kadhaa, suuza, kisha pitisha maji yaliyochanganywa na siki na uanike juani. Nguo za mitumba ziloweke usiku mzima, na kabla ya kuziuza nyunyizia maji kidogo unuse. Laiti ningelijua hilo Januari ile. Gunia la katani lililopata mkojo halifai tena kwa nafaka. Hamisha kilicho kikavu na safi, ukitoe kilicholowa. Omena waliorushiwa, tupa. Usijaribu kuwaosha.

Kisha ziba. Pengo kati ya bati na ukuta lizibwe kwa wavu wa kuku wa chuma, au kwa udongo na mawe. Panga magunia juu ya mbao, yaachane na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio. Anikeni omena juu ya vichanja vyenye wavu na muondoe mabaki jioni, maana ploti inayonuka samaki usiku kucha imewaita paka yenyewe.

Mengine yanayosemwa mtaani yana kasoro zake. Pilipili ya unga huondoka na mvua ya kwanza na kuumiza macho ya mnyama na ya watoto. Nafthalini, zile tembe nyeupe za kuwekea nguo, ni sumu kwa paka na kwa mtoto anayedhani ni peremende. Oili chafu ya gari huharibu udongo, na paka huilamba miguuni. Chupa za maji zilizopangwa ukutani sijaona paka aliyezijali. Ulaya wanauza kifaa kinachomrushia paka maji anapokaribia, na nasikia kinafanya kazi. Huku kwetu ambako maji huja kwa mtungi, nani atamwagia paka?

Yule dume wa majivu tulimkamata kwa mtego tuliokopa, kwa mukene, safari hii bila sumu. Vyumba sita kati ya vinane vilichanga kumlipa daktari. Kwa mwezi mzima aliendelea kurusha na tukaanza kunung'unika, kisha akaacha. Mama muuza nafaka nilimwendea mwenyewe jioni moja kumwomba mchango, nikitarajia kufukuzwa. Alinitazama, akaniambia angetoa, lakini pengo lile la juu ya ukuta nilizibe mimi, kwa mkono wangu na kwa pesa yangu. Nililiziba Jumamosi iliyofuata.