Redio kubwa na hom thieta: mahali pa kuziunganisha

Msikilizaji, swali hili limerudi tena kwenye simu yetu ya studio: nyumbani nina redio kubwa ya zamani yenye spika mbili za mbao, sasa nimenunua hom thieta ya TV. Je, naweza kuvipiga pamoja?

Unaweza. Ila kuna njia moja inayounguza vyombo, na ndiyo wengi wanayoijaribu kwanza: kutoa nyaya za spika kwenye hom thieta na kuzifunga kwenye spika zile zile za redio, ili spika ipate nguvu ya mashine mbili. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nyumbani kwa mjomba kabla sijasomea utangazaji, tukijiandaa kwa kipaimara cha binamu yangu. Sauti ilitoka kidogo, ikafuata harufu ya kuungua. Amplifaya ya mjomba haikuwaka tena, na aliinunua kwa pesa za alizeti.

Amplifaya imetengenezwa kusukuma umeme kwenda kwenye spika, siyo kuupokea. Ukifunga mbili kwenye spika moja, kila moja inasukuma umeme ndani ya mwenzake. Chanzo kimoja kinaweza kulisha mashine mbili, lakini mashine mbili zisilishe spika moja.

Kwa hiyo gawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Nyuma ya TV nyingi kuna tundu jekundu na jeupe lililoandikwa AUDIO OUT, au tundu la hedifoni. Mwambie muuza vifaa unataka kichwa cha kugawa njia moja kuwa mbili. Waya mmoja uende AUX IN ya hom thieta, mwingine AUX IN ya redio. Redio isiyo na AUX, tumia tundu la kuingizia sauti la CD au TAPE. Usichomeke kwenye PHONO; lile ni la santuri, na sauti ya TV itakwaruza. Spika za kila mashine zibaki kwenye mashine yake.

Ukipeleka sauti kwenye hom thieta kwa HDMI na kwenye redio kwa waya wa kawaida, mashine moja inaweza kuchelewa na mkasikia mwangwi. Tumia nyaya za aina moja kwa zote mbili. Kusema kweli, kwa muziki mimi ningewasha redio peke yake: nyimbo nyingi zimerekodiwa kwa njia mbili tu, kushoto na kulia. Zile spika tano za hom thieta ziache kwa filamu.

Kuhusu kuongeza spika, tazama namba yenye alama Ω nyuma yake. Spika mbili za 8 zikifungwa sambamba kwenye tundu moja zinakuwa 4. Mbili za 4 zinakuwa 2, na amplifaya iliyoandikwa 4 hadi 8 itapata moto.

Wanaotumia sola, jumlisheni wati zilizoandikwa nyuma ya mashine pale waya wa umeme unapoingilia, siyo zile kubwa za kwenye boksi, halafu linganisheni na inveta. Zimeni kila kitu kabla ya kuchomeka, na mnapowasha, sauti ianzie chini kabisa.