Pumzi Zisizohesabiwa

Wengi huiita sepsisi sumu ya damu, na jina hilo linapotosha. Sepsisi ni pale mwili unapopambana na maambukizi hadi ukaanza kuumiza viungo vyake wenyewe: figo, mapafu, ini, ubongo. Chanzo chaweza kuwa nimonia, kidonda cha upasuaji au kizazi cha mama aliyejifungua juzi, na damu ikioteshwa maabara huenda isionyeshe kijidudu chochote. Hakuna kipimo kimoja cha kuithibitisha. Huonwa na mtu aliye karibu na mgonjwa. Mtu huyo kwa kawaida ni muuguzi, si daktari anayepita wodini asubuhi, na kwake ndiko elimu ya sepsisi ingepaswa kuanzia.

Makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2020 yalionyesha kuwa mwaka 2017 watu milioni 48.9 walipata sepsisi na milioni 11 walifariki, karibu kifo kimoja katika kila vitano duniani. Wataalamu walikuwa wamependekeza mwaka 2016 alama tatu za tahadhari kwa mtu mzima mwenye maambukizi: pumzi 22 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha isiyozidi 100, na fahamu kuvurugika. Hazimnasi kila mgonjwa, lakini zinahitaji saa na kipima presha tu. Inasikitisha kwamba pumzi, ambazo mara nyingi hubadilika mapema, ndizo hupuuzwa zaidi. Anayeandika 20 kwa kila mgonjwa, asubuhi na jioni, amekadiria, hakuhesabu.

Yuko atakayesema dawa ni kuwakaririsha watumishi miongozo ya kimataifa. Afrika imeshalipa gharama ya fikra hiyo, hasa kuhusu maji ya dripu. Utafiti wa mwaka 2011 uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu ulionyesha kuwa waliomiminiwa dripu nyingi kwa haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa. Huko Lusaka, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU: waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema walikufa asilimia 48, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33. Basi kuijua sepsisi ni pamoja na kujua mgonjwa uliye naye ni nani na wodi yako ina uwezo gani wa kumsaidia mapafu yakijaa maji.

Pingamizi zito zaidi ni la uhaba: muuguzi mmoja, wagonjwa thelathini, atahesabu pumzi za nani? Ni kweli, na hakuna semina itakayoziba pengo hilo. Ila hospitali 59 za Malawi na Uganda zilishiriki jaribio lililolenga usafi wa mikono, kinga ya maambukizi na utambuzi wa mapema wa sepsisi kwa wajawazito na waliojifungua. Kwenye hospitali zilizotekeleza mpango huo, vifo na madhara makali ya maambukizi vilipungua kwa takriban theluthi moja. Elimu iligeuzwa kuwa kazi ya kila zamu. Anza na mzazi mwenye homa, aliyepasuliwa jana, mzee aliyeanza kuweweseka. Na muuguzi akihesabu pumzi 28 saa nane usiku, awe na ruhusa ya kumwamsha daktari bila kukaripiwa.