Gari la Moshi la Mezani

Mwaka jana, siku ya Jumamosi, tulitenda nyumbani mwetu jambo ambalo hata leo twaliona haya. Mwanetu wa tatu, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameunda gari la moshi kwa makopo ya samaki, nyaya na vifuniko vya chupa, lenye mabehewa saba, nalo limeenea barazani tangu mlangoni hata penye mtungi. Alikuwa ameagizwa maji, na maji hayakuchotwa. Nasi tukatoka na kikombe cha chai, tukajikwaa, chai ikamwagika. Na kwa hasira tukayakanyaga mabehewa yote saba kwa kiatu. Mtoto hakusema neno. Aliviokota vile vifuniko, akavihesabu, akavitia mfukoni.

Siku ya tatu mwalimu wake wa hesabu alitujia jioni, amechukua daftari la mtoto. Akatuuliza, “Mwalimu, ni nani aliyemfundisha kijana huyu? Darasani sijafika huko.” Tukalitazama lile daftari. Alikuwa ameupima kwa kamba upana wa ile reli ya kati ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, akapata milimita 1000 (na kwa kuingia relini tulimkanya, maana pale pana hatari). Upana wa reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hata hapa Dodoma mwaka 2024, aliusoma gazetini, ni milimita 1435. Kila kipimo alikuwa amekigawanya kwa 40. Hivyo reli ya kwanza ikawa milimita 25, na ya pili karibu 36. Magurudumu ya vifuniko yalikuwa yamepangwa kwa kipimo hicho cha 25, yote saba sawasawa, nasi tulikuwa tumedhani ni takataka.

Tangu hapo tukaanza kuulizia habari za mchezo huu, tukaona kwamba katika nchi nyingine ni kazi ya burudani ya watu wazima, wenye mvi na miwani.

Asili yake ni hivi. Katika mji wa Göppingen, Ujerumani, mwaka 1859, fundi wa mabati aitwaye Theodor Friedrich Wilhelm Märklin alianza kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni vya kuchezea watoto. Alipofariki mwaka 1866, mkewe Caroline aliishika kazi isife. Mwaka 1891 wana wao walionyesha katika maonyesho ya Leipzig gari la moshi la kutiwa ufunguo kama saa, likizunguka juu ya reli zenye umbo la tarakimu 8. Jambo jipya halikuwa lile gari, bali zile reli: zilikuwa na upana uliopangwa, hata mtoto aliyepewa vipande vichache mwaka huu aliweza kuongezewa vingine mwaka ujao, navyo vikaungana. Huko New York, Joshua Lionel Cowen alitengeneza kigari cha umeme ili kiwekwe katika dirisha la duka na kuwavuta watu waone bidhaa. Wanunuzi wakaziacha bidhaa, wakakitaka kigari. Na huko Liverpool, Frank Hornby, ambaye mwaka 1901 alikuwa amepata hataza ya vipande vyake vya chuma vya kuundia, alianza kuuza magari ya ufunguo mwaka 1920.

Siku hizi kipimo kinachotumika kuliko vyote ni cha moja kwa 87. Walimu, wapeni watoto hesabu hii: 1435 kwa 87. Watapata 16 na nusu, na huo ndio upana wa reli ya mezani kwa milimita. Behewa la mita 26 huwa na urefu wa futi moja tu. Umeme hupita katika zile reli mbili, wa nguvu ndogo usiomdhuru mtoto, ukaingia kwa magurudumu hata kwenye mota. Na tangu miaka ya 1980 kila injini yaweza kupewa namba yake, ikaitwa peke yake, nyingine zikingoja.

Waingereza walikosea kidogo. Injini za kwao ni nyembamba, na mota za zamani hazikuingia ndani yake. Basi wakalikuza gari hata moja kwa 76, lakini reli wakaiacha kwa upana ule ule wa 16 na nusu. Likawa kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mwanawe. Wengi hawajali mpaka leo. Wengine hawakuweza kuvumilia, wakajitengenezea reli ya milimita 18 kwa mikono yao.

Mmoja wao alikuwa Padre Peter Denny, kasisi wa Kanisa la Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili alianza kujenga reli ya mezani iendayo mji wa Buckingham, kana kwamba kampuni ya Great Central ilipata kujenga tawi huko, ingawa haikujenga. Alipohamia mtaa mwingine alihama nayo, akaibomoa na kuijenga tena. Haikuwa ya kuzungusha tu: magari yalikwenda kwa ratiba, na stesheni moja iliiarifu nyingine kwa kengele kabla ya gari kuondoka. Padre alishika Buckingham, na mwanawe Crispin akashika stesheni ya Grandborough. Mtoto alipokua, akawa hapatikani tena kila jioni, baba alitengeneza mashine ya kupiga kengele na kuongoza magari badala yake, akaiita Crispin wa Mashine. Padre alifariki mwaka 2009, na reli yake yatunzwa hata sasa. Tuliposoma habari hiyo tulinyamaza kitambo. Yeye aliunda mashine kwa kumkosa mwanawe mezani. Sisi wetu tulikuwa naye barazani.

Habari nyingine ilituchoma zaidi. Mwezi wa Mei mwaka 2019, katika mji wa Stamford, Uingereza, chama cha Market Deeping kilipanga reli zake katika shule, tayari kwa maonyesho. Usiku vijana wanne waliingia wakavunja na kukanyaga kazi ya miaka mingi. Asubuhi wazee walikuta vipande sakafuni, na wengine walilia. Waliomba msaada wa paundi 500 tu. Watu wakatuma zaidi ya 100,000, na katika hizo 10,000 zilitoka kwa mwimbaji Rod Stewart, ambaye naye amejenga nyumbani mwake mji mzima wa Marekani wenye reli. Tuliwahukumu wale vijana mioyoni mwetu, kisha tukakikumbuka kiatu chetu.

Basi tulimwita mtoto, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Wako wazee watakaosema baba hamwombi mtoto radhi, nasi tulilelewa vivyo hivyo. Lakini hatukuona njia nyingine. Alijibu, “Yamekwisha, baba.” Hata hivyo wiki tatu hakugusa waya, na baraza ilikuwa safi mno, tukaichukia.

Hatuwaambii mnunue vitu vya dukani. Injini moja ya Märklin bei yake yaweza kumaliza karo ya mtoto, na wako watozaji wanaolipa hata kwa boksi la karatasi, mradi ni lile la kwanza. Hayo tuwaachie wenyewe. Makopo tunayo.

Wiki ya nne tulinunua koleo dogo, tukaliweka juu ya mtungi bila kusema kitu. Jumamosi iliyofuata tulikuta maji yamechotwa kabla ya jua kuchomoza, na mtoto amekaa barazani. Akatuambia, “Baba, shika hapa,” tukaushika waya huku akiupinda. Mara mbili alitusahihisha, maana mkono wetu ulitikisika na kipimo kikawa 26. Vifuniko ni vile vile vya kwanza. Kumbe alikuwa ameviweka ndani ya soksi.

Hata leo mabehewa ni matano. Ametuagiza makopo mawili zaidi, yasiyo na kutu.