Kuvuka Busia kwa Begi Mgongoni: Maandalizi ya Safari

Safari ya begi mgongoni ni safari ya nchi kavu ambayo msafiri hujibebea mzigo wake wote, hulala katika nyumba za wageni za bei nafuu na hupanda magari yale yale wanayopanda wenyeji. Vijana wa Ulaya wameizoea kwa vizazi kadhaa. Tiketi ya Interrail, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, iliwawezesha kuzunguka nchi nyingi kwa treni, na mkataba wa Schengen, uliotiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutekelezwa mwaka 1995, uliwaondolea ukaguzi kwenye mipaka mingi. Afrika Mashariki haina tiketi ya namna hiyo. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na treni zinazopita Malaba kuelekea Tororo siku hizi hubeba mizigo. Msafiri hutegemea barabara, na barabara humfikisha mpakani, mahali ambapo kila pengo la maandalizi hujitokeza. Ndiyo maana mpango mzuri huanzia mpakani na kurudi nyuma hadi nyumbani. Begi hufungwa mwisho.

Kati ya Kenya na Uganda, upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, milango mikubwa ni miwili. Busia ni mji pacha: nusu yake ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya, na nusu ya pili ni makao ya wilaya ya Uganda iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Malaba iko takriban kilomita 30 kaskazini, na kutoka hapo hadi mji wa Tororo ni kama kilomita 15. Barabara kuu ya malori ya Mombasa hupita Malaba, na foleni yake huweza kuenea kilomita kadhaa ndani ya Kenya. Busia nako kuna malori, lakini sura yake ni ya watu wa miguu: akina mama wanaovusha nafaka, samaki na mitumba, wanafunzi, madereva wa bodaboda. Kwa mwenye begi mgongoni, anayevuka kwa miguu, Busia ndiyo njia rahisi zaidi, hata kama safari yake inaelekea Tororo. Kutoka Kisumu hadi Busia ni zaidi kidogo ya kilomita 100, na kutoka Busia hadi Kampala ni takriban 200.

Anayetoka Tanzania ana sababu ya ziada ya kuichagua Busia, kwa kuwa mji huo umo katika mzunguko wa ziwa. Mzunguko huo huanzia Mwanza, huvuka Sirari na Isebania, hupita Kisii na Kisumu, huingia Uganda kwa Busia, hufuata Jinja, Kampala na Masaka, kisha hurudi Tanzania kwa Mutukula na Bukoba. Nchi ni tatu na mipaka ni mitatu, na sehemu zote zina usafiri wa umma kila siku. Kosa la kawaida katika kuupanga ni kuhesabu kilomita pekee. Matatu haiondoki mpaka ijae, na kituo cha mpakani kina saa zake za pilikapilika, hivyo ni busara kuipa kila siku ya kuvuka mpaka nafasi ya peke yake, bila kupanga jambo jingine zito.

Msimu nao una uzito wake. Mvua kubwa za eneo hili hunyesha Machi hadi Mei, na za pili huanza karibu Agosti na kuendelea hadi Novemba. Barabara kuu ni za lami na hupitika mwaka mzima, lakini njia za udongo za vijijini, na hasa zile za miteremko ya Mlima Elgon, huwa utelezi mtupu. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu zaidi. Busia na Tororo ziko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana ni joto lakini usiku huvumilika kwa shuka moja na sweta jepesi.

Baada ya njia na msimu huja karatasi. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania huhitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza na kukaa kama mgeni hadi miezi 6. Haki hiyo haimwondolei wajibu wa kujiandikisha. Siku alizopewa huhesabiwa kuanzia siku ya kuingia, na asiye na rekodi ya kuingia hana cha kuonyesha siku ya kutoka.

Rafiki wa kigeni anayeandamana na kundi ana mahitaji mengine. Kenya iliacha kutoa viza Januari 2024 na kuanzisha idhini ya kusafiri inayoombwa kwa intaneti kabla ya kuondoka. Uganda hutoa viza kwa njia ya mtandao vilevile. Ipo pia Viza ya Utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda: dola 100 za Marekani kwa siku 90, kuingia na kutoka mara nyingi ndani ya nchi hizo tatu. Huombwa kwa nchi atakayoingia kwanza, na huisha nguvu akitoka nje ya eneo hilo. Tanzania haimo, kwa hiyo anayezunguka ziwa lote asiitegemee kwa safari nzima.

Karatasi ya tatu ni kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda huidai kwa wanaoingia. Chanjo hutambuliwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti kimoja kinatosha kwa maisha yote kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani. Anayechanjwa juzi yake ya kuondoka amechelewa, na kununua kadi bila kuchomwa sindano ni kujihatarisha na kuwahatarisha wengine.

Malaria inahitaji maandalizi makubwa kuliko chanjo. Ukanda wa Busia na Tororo ni miongoni mwa maeneo yenye maambukizi mazito Afrika Mashariki, na wilaya ya Tororo imekuwa uwanja wa utafiti wa ugonjwa huo kwa miaka mingi. Ndani yake, nyumba zilianza kupuliziwa dawa ya ukutani kwa mpango mkubwa mwishoni mwa 2014. Anayetoka Nairobi, Arusha au Mbeya mjini, ambako mbu wa malaria ni wachache, hana kinga ya mwili ya mtu wa Tororo, hata kama wote ni Waafrika Mashariki. Jambo hili hupuuzwa sana na linaua. Msafiri wa aina hiyo amwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, abebe chandarua chenye dawa kinachokunjika kidogo, na avae mikono mirefu jioni. Homa yoyote, hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, ipimwe siku hiyo hiyo, na mpimaji aambiwe kwamba mgonjwa ametoka mpakani. Dawa mseto hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Kwa upande wa maji, tahadhari ni mbili: ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na kuogelea katika kingo za Ziwa Victoria kuepukwe kwa sababu ya kichocho.

Fedha hupangwa kwa sarafu mbili zenye jina moja na thamani tofauti kabisa. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa shilingi za Uganda zaidi ya 20 kwa miaka mingi, hivyo anayevuka hujikuta ghafla akishika noti za maelfu, na hapo ndipo hesabu humchanganya. Wabadilishaji wa mkononi humfuata mtu na mabunda ya noti hata kabla hajaliona lango. Wengi wao ni wafanyabiashara wa kawaida, lakini haraka ya mpakani humpendelea mwenye fedha nyingi mkononi. Kiwango cha siku kiangaliwe kwenye simu asubuhi, kiasi kinachotarajiwa kiandikwe kwenye karatasi, na ubadilishaji ufanyike dukani au benki. Fedha za simu zimepunguza sana haja ya kubeba noti: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Uganda wakafuata na huduma zao mwaka 2009. Laini ya nchi ya pili husajiliwa kwa kitambulisho au pasipoti katika duka la kampuni. Pembezoni mwa mpaka simu hudaka mnara wa upande wa pili na kumaliza salio, kwa hiyo mtandao uchaguliwe kwa mkono.

Akiba ya dharura si anasa. Machi 2020, janga la korona lilipoanza, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria na haikuifungua hadi Oktoba. Malori yaliruhusiwa kupita, lakini msafiri aliyekuwa upande usio wake alikwama. Mlipuko wa Ebola nchini Uganda kati ya Septemba 2022 na Januari 2023 uliongeza ukaguzi wa afya mipakani. Fedha za kutosha kulala wiki nzima bila kutarajia na nauli ya kurudi nyumbani zitengwe mbali na pochi ya kila siku.

Begi sasa. Lita 40 zinatosha kwa mwezi mzima, kwa sababu nguo hufuliwa njiani na kukauka kwa jua la nusu siku. Uzito usizidi sana sehemu ya kumi ya uzito wa mwili. Sababu yake ni magari ya matatu: humo begi kubwa haliingii chini ya kiti, hupelekwa juu au nyuma pasipoonekana, na mara nyingi hulipiwa nauli. Kwenye bodaboda begi zito huvuta mabega nyuma na kumyumbisha dereva. Biashara hiyo ya kuwabeba watu ilianzia papa hapa mpakani katika miaka ya 1960, kwa baiskeli. Leo ni pikipiki zenye kasi, na abiria ana haki ya kudai kofia ngumu kabla ya kupanda. Kifuniko cha mvua kwa begi kinafaa pia dhidi ya vumbi jekundu. Soketi za Kenya na Uganda ni zile zile za matundu matatu ya mstatili kama za Uingereza, kwa hiyo chaja moja inatosha.

Vitu viwili viachwe nyumbani. Cha kwanza ni mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufikia faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Anayerudi kutoka Uganda na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iliyofungia viatu ndani ya begi ana hatia sawa na aliyeishika mkononi. Mfuko wa nguo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Cha pili ni nguo au begi lenye mabaka ya kijeshi, ambalo raia haruhusiwi kulivaa wala kulibeba Uganda, hata likiwa la mtindo tu.

Siku ya kuvuka, utaratibu wa Busia ni mwepesi kwa anayeuelewa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja: wa kwanza humtoa, wa pili humwingiza. Anayetoka Kenya hupita jengo la Kenya bila kusimama na kushughulikiwa upande wa Uganda. Asiyejua hupanga foleni mahali pasipo pake, au hupita moja kwa moja hadi sokoni akidhani amemaliza. Mji wenyewe humrahisishia kosa hilo, kwa kuwa nyumba za pande mbili zimeungana na njia za panya ni nyingi. Wenyeji wana ndugu na mashamba pande zote mbili. Mgeni asiyegongewa muhuri huhesabiwa kuwa ameingia kinyume cha sheria. Mpaka hufanya kazi usiku na mchana, lakini asubuhi ndiyo saa bora, kwani humfikisha mtu Tororo kukiwa bado na mwanga wa kutafuta chumba. Abiria wa basi akariri namba ya gari lake kabla ya kushuka, na begi lenye karatasi na fedha lisibaki ndani.

Lugha ni mtaji mkubwa hapa. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini mpakani hakikusubiri serikali: Wateso, Wasamia, Wajopadhola na Wabukusu wamekuwa wakikitumia sokoni kwa muda mrefu. Kadiri mtu anavyoelekea Kampala, Kiganda na Kiingereza huchukua nafasi yake.

Tororo ni mahali pazuri pa kupumzika baada ya mpaka na kukagua upya mzigo na ratiba. Jiwe la Tororo, mabaki ya volkano ya kale lenye kilele cha mita 1,483, linasimama kando ya mji. Kulipanda ni kazi ya asubuhi moja, nayo ni kipimo kizuri cha viatu na magoti kwa anayekusudia Mlima Elgon. Mbale iko kiasi cha kilomita 45 kaskazini kwa barabara ya lami, na huko ndiko hupatikana vibali na waongozaji wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kwa ajili ya kilele cha Wagagai, mita 4,321, pamoja na magari ya kwenda maporomoko ya Sipi. Anayetaka kuvuka mlima na kushukia Kenya apange hilo mapema na mamlaka za nchi zote mbili, kwa sababu huko juu hakuna ofisi ya uhamiaji. Asiyetaka milima hufuata barabara ya magharibi hadi Jinja, mwendo wa saa chache, na kuendelea na mzunguko wa ziwa.